Sare kamili, rangi za pamoja au nguo za nyumbani: shule ichague ipi?

Wazazi na walimu wakikaa kuzungumzia mavazi ya wanafunzi, kikao hugawanyika mapema: hawa wanataka sare, wale hawaitaki. Kumbe mifumo iliyopo ni mitatu, na pengo kati ya wa kwanza na wa pili ni kubwa kuliko linavyoonekana kwa mbali.

Wa kwanza ni sare kamili. Shati, sketi au suruali, sweta, tai, soksi, vyote vya kitambaa na mshono uliopangwa, aghalabu vyenye nembo ya shule, na aghalabu vikiuzwa na mtu mmoja aliyeteuliwa. Wa pili ni rangi za pamoja: shule inasema juu rangi fulani na chini rangi fulani, beji ikiwepo ni ya kushonea tu, na mzazi yuko huru kununua au kushonesha popote. Wa tatu ni nguo za nyumbani, zikiambatana na orodha fupi ya visivyoruhusiwa.

Kwa shule nyingi mimi nauchagua wa pili. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia wapi wa kwanza au wa tatu unastahili kushinda, maana pako.

Mfuko wa mzazi

Sare kamili hutetewa kwa hoja ya usawa: mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho wakivaa shati moja, hakuna wa kuchekwa. Hoja hiyo ina ukweli na siidharau. Mtoto mwenye mashati mawili tu, akisoma shule ya nguo za nyumbani, darasa zima litayajua mashati yake kabla ya Ijumaa, na akishafika umri wa kubalehe jambo hilo humuuma kuliko anavyokubali kusema. Hapa sare humfunika kweli.

Lakini watoto wana macho. Wakiondolewa shati la kulinganisha watalinganisha viatu, begi, saa ya mkononi, na kola iliyopauka kando ya kola mpya. Sare hupunguza pengo bila kulifuta, na namna inavyouzwa yaweza hata kulipanua. Kinachopandisha gharama mara nyingi si kitambaa, ni nembo na duka moja. Sweta yenye nembo iliyotariziwa huwezi kuitafuta kwingine, huwezi kumrithisha mtoto aliye shule nyingine, na ikipotea huna pa kukimbilia ila palepale. Uingereza, nchi iliyozoea sare kuliko nyingi, ilifika mahali pa kutunga sheria mwaka 2021 kuhusu gharama za sare. Mwongozo uliotokana nayo unazitaka shule za England zipunguze vitu vyenye nembo, ziwasaidie wazazi kupata sare zilizokwisha kuvaliwa, na zisijifunge kwa muuzaji mmoja bila kushindanisha zabuni.

Kuna utafiti ambao watetezi wa sare hupenda kuutaja, na nadhani wengi wanausoma kinyume. Magharibi mwa Kenya watafiti waligawa sare bure kwa wanafunzi wa shule za msingi kwa bahati nasibu, kisha wakafuatilia mahudhurio. Kwa muda mfupi utoro ulipungua kwa zaidi ya theluthi, na kwa watoto ambao hapo mwanzo hawakuwa na sare kabisa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Miaka minane baadaye, walipoangalia madarasa waliyofikia watoto hao na kama walimaliza shule ya msingi, hawakuona tofauti. Utafiti mwingine wa eneo hilohilo, uliohusisha shule 328, ulionyesha kwamba wasichana waliopewa sare bure hawakuacha shule kwa wingi kama wenzao, na waliopata mimba za mapema walikuwa wachache zaidi. Matokeo haya hayasemi kwamba kitambaa kinafundisha. Yanasema kwamba kukosa kitambaa kulikuwa kunawazuia watoto kuingia darasani. Sare ya lazima ni ada iliyobadilishiwa jina, na anayeshindwa kuilipa hubaki nyumbani.

Ndiyo maana, kabla ya kuulinganisha mfumo mmoja na mwingine, uliza kwanza swali hili: mtoto akifika bila vazi linalotakiwa, anafanywa nini? Kama jibu ni kwamba atarudishwa nyumbani, basi hata kanuni iwe nzuri namna gani, itamwadhibu mtoto kwa mfuko wa mzazi wake. Shule iwe na kabati lenye mashati na sketi za saizi mbalimbali, zilizoachwa na waliomaliza. Mwalimu wa zamu amwazime mtoto pembeni, bila kumtangaza paredini, na mtoto aingie darasani kwanza. Mzazi atapigiwa simu baadaye. Na liandikwe ndani ya kanuni yenyewe, kwa sentensi moja isiyo na mwanya: hakuna mwanafunzi atakayekosa kipindi kwa sababu ya vazi.

Kwa upande wa gharama, rangi za pamoja zinashinda waziwazi. Suruali ya rangi nzito isiyo na nembo itavaliwa shuleni, itavaliwa Jumamosi, atairithi mdogo wake, na familia ikihama itafaa shule ijayo. Mwenye uwezo atanunua ya kitambaa kizuri, asiye nao atanunua ya kawaida au iliyokwisha kuvaliwa, na ukisimama hatua kumi huoni tofauti.

Igeuze nguo ndani nje

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kamati hujadili rangi kwa saa nzima na mshono kwa dakika moja.

Ukishika sketi au suruali ya shule, igeuze. Tazama upindo wa chini. Ukiwa na upana wa vidole vitatu, mtoto akirefuka utaufumua, uushushe, na nguo itaendelea mwaka mwingine. Ukiwa mwembamba kama uzi wa kiatu, aliyeshona alibana kitambaa, na wewe utanunua upya. Kisha angalia mshono wa makalio na ule wa katikati ya miguu: uwe umepigwa mara mbili, kwa maana ndipo mtoto anapokaa, anapotambaa na anaporuka. Pembe za mifuko ziwe zimekazwa kwa mishono ya kurudiarudia. Shati huanza kufa kwenye kola nyuma ya shingo, na suruali kwenye magoti. Fundi anayejua kazi huweka kitambaa cha ziada sehemu hizo.

Mtoto wa miaka mitano mpe mpira kiunoni. Kifungo kigumu, ndoano na mkanda vinampendeza mtu mzima anayepiga picha. Yeye vinamchelewesha chooni, na aibu ya kujikojolea mbele ya wenzake haisahau upesi. Zipu iwe na kishikio ambacho vidole vidogo vinaweza kukivuta. Tai kwa mtoto wa umri huo haina kazi yoyote ninayoweza kuitetea, na ile ya kufunga shingoni ni hatari kwenye bembea.

Kitambaa nacho kina pande zake. Pamba tupu hupitisha hewa na kunyonya jasho, ila hukunjamana, hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na rangi yake hupauka juani. Poliesta hukauka haraka na kudumisha rangi, ila mchana wa joto mtoto anachemka ndani yake. Mchanganyiko wa hivyo viwili ndio unaofaa wengi, na kadiri mahali panavyokuwa na joto ndivyo sehemu ya pamba inavyopaswa kuongezeka. Nguo zinazotangazwa kuwa hazishiki madoa waachie wengine. Mwaka 2022 watafiti walipima nguo za shule za aina hiyo zilizouzwa Marekani na Kanada wakakuta ndani yake kemikali za kundi la PFAS, zile ambazo hudumu muda mrefu mno katika mazingira bila kuoza. Doa la wino halina madhara kiasi hicho.

Na jambo la weupe. Shati jeupe linapendeza asubuhi ya Jumatatu. Saa nne mtoto ameshakaa chini, ameshafuta mikono, ameshamwagikiwa. Anayelifua ni mtu, mara nyingi mama au dada, na mara nyingi usiku, ili asubuhi livaliwe hata kama kola bado mbichi, kwa sababu ni hilo hilo moja. Shule ikichagua rangi isiyoonyesha uchafu upesi, imewapunguzia kazi watu wasiokaribishwa kwenye kikao. Na mzazi akiulizwa kati ya sare moja ya bei na mashati matatu ya kawaida ya rangi ileile, achukue matatu.

Mwili unaocheza

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa takwimu za watoto na vijana zaidi ya milioni 1, wa miaka 5 hadi 17, kutoka nchi 135. Katika nchi ambako shule nyingi hudai sare, sehemu ya wanaofikia zile dakika 60 za mazoezi kwa siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ilikuwa ndogo zaidi, na kwa wanafunzi wa shule za msingi pengo kati ya wasichana na wavulana lilikuwa kubwa zaidi. Mambo hayo mawili yanaambatana, na watafiti wenyewe hawakudai kwamba moja ndilo linaloleta lingine. Hata hivyo ukae uani wakati wa mapumziko uangalie: msichana mwenye sketi ananing'inia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sketi. Mwingine ameketi kando kwa sababu viatu vyake vya ngozi vinateleza.

Rangi za pamoja zinalitatua hili bila ugomvi. Suruali au kaptura iruhusiwe kwa wote, raba nyeusi zikubaliwe, na siku ya michezo watoto waje moja kwa moja na nguo za michezo. Shule yenye sare kamili inaweza kufanya hivyohivyo, na inapokataa hulipia kwa namna nyingine. Juni 2017, wakati wa joto kali, wavulana wa shule moja ya Exeter, Uingereza, waliokatazwa kaptura walikuja wamevaa sketi, kwani sketi ilikuwamo kwenye orodha ya sare. Shule ikakubali kuruhusu kaptura. Wales nayo, kwa mwongozo wa mwaka 2019, ilizitaka shule ziandike orodha moja ya nguo, isiyosema hii ya wasichana na hii ya wavulana. Jambo jepesi, na lingeweza kuamuliwa na kamati yoyote kabla ya chai.

Nguo za nyumbani kwa upande huu hazina mpinzani. Mtoto huvaa kile anachokichezea siku zote.

Nidhamu na alama

Mwaka 1994 wilaya ya shule ya Long Beach, California, ililazimisha sare katika shule zake za msingi na za kati, ikawa ya kwanza kubwa ya mjini nchini Marekani kufanya hivyo, na ikatangaza kwamba matukio ya vurugu yalipungua. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton aliizungumzia hoja ya sare kwenye hotuba yake ya hali ya taifa. Tatizo ni kwamba wilaya hiyo ilikuwa imeanzisha hatua nyingine za usalama wakati huohuo, kwa hiyo huwezi kujua shati lilifanya nini na hatua nyingine zilifanya nini. Mwaka 1998 David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore walichambua takwimu za wanafunzi wa darasa la kumi Marekani, hawakuona kwamba sare iliongeza mahudhurio, wala kupunguza utovu wa nidhamu au matumizi ya dawa za kulevya. Anayekuuzia sare kwa ahadi ya alama nzuri anakuuzia kitu ambacho hana.

Faida za kweli za sare ni nyingine, na si ndogo. Kwenye safari ya shule mwalimu huhesabu watoto kwa macho. Mgeni akiingia uani hujulikana. Asubuhi nyumbani hakuna mjadala wa nguo. Rangi za pamoja hukupa hizo zote tatu, pengine ya pili kidogo pungufu.

Kuna na suala la kujivunia, ambalo sare kamili peke yake hulibeba. Christ's Hospital, shule ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1552, mpaka leo huwavalisha wanafunzi koti refu la buluu na soksi za manjano, na wanafunzi wenyewe walipoulizwa kama wanataka libadilishwe, wengi mno walikataa. Sare hiyo ni ya ajabu, ni ya zamani, na wanaipenda. Ila kuna jambo moja ambalo shule zinazoiga fahari hiyo hulisahau: pale shule ndiyo inayowapa wanafunzi vazi hilo, bila malipo.

Upande wa pili wa mizani iko Korea Kusini. Mwaka 1983 iliruhusu nguo za nyumbani shuleni kote; miaka michache baadaye uamuzi uliachiwa shule zenyewe, na nyingi zikarudi kwenye sare, wazazi wakilalamikia gharama za nguo. Nguo za nyumbani si rahisi kwa kila kaya, hasa mtoto akishaanza kujilinganisha.

Nywele, kilemba, kipini

Mfumo wowote utakaouchagua, hapa ndipo shule hujikwaa na kuishia mahakamani. Uingereza, mwaka 1983, mahakama ya juu kabisa iliamua upande wa mvulana wa dini ya Kisikh aliyekataliwa shule kwa ajili ya kilemba chake. Afrika Kusini, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ilisema shule ilipaswa kumwachia mwanafunzi kipini cha pua kilichohusu dini na utamaduni wake. Mwaka 2016 wasichana weusi wa Pretoria waliandamana kupinga kanuni zilizogusa nywele zao za asili. Kenya, mwaka 2019, Mahakama Kuu iliamuru shule impokee mwanafunzi Mrasta pamoja na nywele zake. Osaka, Japani, msichana alishtaki kwa kulazimishwa kupaka nywele zake rangi nyeusi. Mwaka 2021 mahakama iliamuru alipwe fidia, ingawa kanuni yenyewe haikuifuta. Ufaransa imekwenda njia yake: sheria ya mwaka 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma.

Nchi hazikubaliani, na kamati lazima ifuate sheria ya kwake. Lakini ndani ya nafasi iliyoachiwa, mimi hutumia kipimo kimoja: je, yuko mtoto ambaye ili atii kanuni hii itambidi abadili mwili alioumbwa nao au aivunje imani yake? Akiwepo, kanuni ndiyo ibadilike. Nywele zilizofungwa vizuri maabara ni suala la usalama, na linamhusu kila mwenye nywele ndefu kwa usawa. Nywele za asili kuitwa uchafu ni dharau.

Orodha ya shule ya nguo za nyumbani

Shule ikichagua nguo za nyumbani, orodha yake iwe fupi na iweze kukaguliwa kwa macho tu, bila rula na bila kumgusa mtoto. Maandishi ya matusi, matangazo ya pombe na tumbaku, viatu vya wazi maabara, hereni ndefu na kamba za shingoni wakati wa michezo: hayo yanatosha. Maneno kama "nguo za heshima" yaondolewe, kwa kuwa kila mwalimu atayapima kwa macho yake, na kwa desturi watakaopimwa zaidi ni wasichana, hasa wale ambao miili yao imekua mapema. Mtoto wa miaka kumi na miwili hastahili kusimamishwa mbele ya darasa ijadiliwe sketi yake.

Kuhusu ujumbe kwenye nguo, Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1969 iliwatetea wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam: shule haiwezi kuzuia maoni ya mwanafunzi ila pale yanapovuruga masomo kweli. Hata mahali ambapo hukumu hiyo haina nguvu, mpaka huo ni wa busara.

Nani achukue nini

Kwa watoto wa awali na wa madarasa ya chini, rangi za pamoja, mpira kiunoni, bila tai, bila nyeupe. Sioni hoja ya kuutikisa uchaguzi huo.

Kwa shule ambazo wanafunzi wake wanatoka kaya zenye uwezo unaotofautiana sana, bado rangi za pamoja, na juhudi za ziada ziende kwenye viatu na mabegi, kwa sababu huko ndiko mashindano yatakakohamia.

Sare kamili inafaa shule ya bweni, au shule yenye historia ambayo wanafunzi wenyewe wanaitaka, kwa sharti kwamba shule inabeba gharama au sehemu kubwa yake. Bila sharti hilo nisingeipigia kura.

Nguo za nyumbani zinawafaa wanafunzi wakubwa, wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Muda si mrefu watajichagulia nguo za kazini na vyuoni, na hapo ndipo pazuri pa kujifunzia. Zinafaa pia shule ndogo ambayo watu wake wanafahamiana na hali zao hazipishani sana.

Na waulizwe wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na ni mambo machache yanayomhusu kuliko kilicho juu ya ngozi yake siku nzima. Usiwaulize kama wanapenda sare. Uliza nini kinawawasha, nini kinawabana, nini wanashindwa kukifungua, na wapi wanaona aibu. Majibu yatakuwa na faida kuliko kura.

Kwa shule iliyo na sare kamili na inataka kuhama, isifute kila kitu muhula mmoja, maana wapo wazazi walionunua jana. Ianze kwa kuondoa tai na nembo. Itangaze rangi zilezile za sasa kuwa ndizo rangi za pamoja, ili sare za zamani ziendelee kuvaliwa mpaka zichakae. Iache mpya na ya zamani zikae pamoja miaka miwili au mitatu, hata picha za shule zikiwa na mchanganyiko, na mkataba wa muuzaji mmoja ukiisha usifanywe upya.